Ombi la Uamuzi Juu ya Vidato vya Mnazi na Mkongojo wa Mkwaju

Kwa Marehemu Mbwana bin Hamadi,
Mkwezi wa minazi, aliyekuwa mkazi wa Mwabungo.

Ndugu yangu Mbwana,

Baada ya salamu, na baada ya dua ya kukuombea wepesi huko uliko, mimi Omari bin Salimu, mwandishi wa barua za maombi, jirani yako wa ua mmoja wa makuti, naleta kwako barua hii kwa makusudi matatu: kwanza, kukuarifu hali ya nyonga yangu tangu ulipotutoka, pili, kukiri jambo ambalo wewe ulilijua na watu hawakulijua, tatu, kukuomba uamuzi.

Nilikusudia kuufuata mpangilio huo hatua kwa hatua, kama inavyopasa. Naona tayari umenishinda, kwani kila nikianza na nyonga nakukuta wewe.

Hukujua kusoma, na hukuona haya kwa hilo. Kila barua niliyoiandika, iwe ya mjane anayelalamikia mpaka wa shamba au ya mzee anayetaka mwanawe apokelewe skuli, ulikuwa ukiniambia nikusomee. Nilisoma kwa sauti na kwa taratibu, nikizipa fahari zile "kwa heshima na taadhima" zangu. Nikimaliza ulikuwa ukiuliza, "Sasa hapo ameomba nini, Bwana Kalamu? Mbona sijakisikia?" Nilikuwa nikikasirika. Kisha, ukishaondoka, nilikuwa nikiongeza mstari mmoja wa mwisho, mfupi, wenye ombi lenyewe. Nadhani barua zangu nyingi zilikubaliwa kwa ajili ya mstari huo. Sikupata kukwambia.

Ninaandika alasiri, saa uliyokuwa ukija. Boriti zako mbili za mkandaa zingali zimelala sambamba uani, kimo cha kiuno, juu ya nguzo sita ulizozifunga kwa kamba ya kumbi. Kamba hazijalegea hata moja. Kila siku baada ya sala napita katikati yake, kwenda kumi na kurudi kumi, ingawa sizihitaji tena. Dada yangu Mwanatumu alikuja kunitazama akaniambia, "Kaka, huko ndani ya boriti unamtafuta nani?" Nilimjibu kwamba ni amri ya daktari. Daktari hajaniamuru lolote tangu mwaka jana.

Naomba sasa nilieleze jambo tangu asili yake, hata kama unalijua, kwani maombi yasiyotaja asili hurudishwa.

Ilikuwa ile wiki ya kupandisha bendera mpya ya Uhuru. Nilitaka yangu ipepee juu ya mnazi ulio mbele ya nyumba yangu, ili anayepita njia ya kwenda Galu aione kabla ya nyingine yoyote. Ulisema utakuja baada ya adhuhuri kuifunga. Asubuhi nikaona ya fundi cherehani imekwisha kupanda juu ya paa lake, na subira ikaniponyoka. Nilikuwa nimekutazama ukiukwea mnazi ule miaka mingi, mguu hapa, mguu pale, ukipiga soga huku unapanda. Nikadhani kuona ni kujua. Nilivua viatu. Kanzu sikuivua, kwa sababu mtu wa kalamu havai shuka la kiunoni mbele ya watu.

Vidato vilinibeba vyema. Hilo nalishuhudia. Kila kidato ulichokikata katika shina lile kilipokea wayo wangu kana kwamba kilichukuliwa kipimo chake. Kilichonikamata ni pindo la kanzu, lililonasa kwenye kisiki cha kuti la zamani. Nilivuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili.

Walionichukua kwenye kitanda cha kamba walikuwa wakinihurumia na kucheka kwa pamoja. Namkumbuka mmoja akisema, "Bwana Kalamu ameuandikia mnazi barua, nao umemjibu papo hapo." Nilicheka nao mpaka gari lilipoondoka, kisha nikalia njia nzima mpaka Msambweni. Huko hospitali karani aliponiuliza nimeangukaje, nilimjibu kwa sentensi iliyokamilika kwamba vidato vilikatwa kwa uzembe na mkwezi aliyeaminiwa. Akaiandika. Wageni waliokuwa kwenye vitanda vya jirani wakaisikia, na kabla sijatolewa picha ya mifupa, sentensi yangu ilikuwa imekwisha kufika Mwabungo.

Sijawahi kutunga sentensi mbaya kuliko hiyo, Mbwana, na haikuwa na kosa lolote la lugha.

Nyonga ilikuwa imevunjika mahali pawili. Nililazwa chali wiki nyingi, kiuno changu kimefungwa ndani ya mkanda mpana wa turubai ulioning'inizwa kwenye chuma juu ya kitanda, na kila aliyepita akiugusa nilijua amepita. Ulikuja siku ya nne. Nilijifanya nimelala. Ulikaa kwenye kigoda, ukatoa kitu kifuani ukakisukuma chini ya mto wangu, ukasema kwa sauti ya chini, "Nimekuletea kitu chako. Nilikikuta juu." Ulipoondoka nilipapasa. Kilikuwa kipande cha pindo la kanzu yangu, umekikunja mara nne kama hirizi.

Basi ulikuwa umepanda kukagua kazi yako. Ulikuwa na ushahidi mkononi, na kijiji kizima kikikusema, ukaja ukaukabidhi kwa mshitaki wako.

Niliporudishwa nyumbani sikuweza kukaa, kugeuka, wala, kwa kusema kwa staha, kwenda haja kama watu wengine. Nyumba ilikuwa kimya tangu marehemu mke wangu. Wewe ndiye uliyenitengenezea kiti kile cha sanduku lenye tundu, ukakiweka nyuma ya pazia la gunia, ukasema, "Hata Liwali hakuwa na kiti kama hiki." Ndiwe uliyemwuliza bwana wa mazoezi kule hospitali kila jambo, ukalibeba kichwani mpaka Mwabungo bila ya karatasi. Ulinieleza kwamba nyonga ni kata ya mwili, kama ile ya kutwikia mtungi kichwani: kata ikikatika, mtungi hautulii hata mbebaji awe na shingo ya namna gani, na kata iliyounganishwa upya haitwishwi mtungi uliojaa siku ya kwanza.

Ulinianzisha kitandani, kubana makalio na kuachia, kubana na kuachia, nami nikiona fedheha mtu mzima kuamrishwa hivyo. Kisha kukaa ukingoni. Kisha kusimama ndani ya boriti, uzito wote mikononi, wayo wa kushoto ukigusa tu mchanga. "Kanyaga kama mtu anayepita mbele ya mgonjwa aliyelala," ulisema. Nilipotaka kwenda mbio ulinipiga kidole mgongoni: "Mkwezi ana viungo vinne. Vitatu vishike, kimoja ndicho kihame. Ukihamisha viwili, unahamia kaburini." Uliponifundisha kipandio cha mlango uliniongeza kanuni nyingine, nikairudia nyuma yako kama mtoto wa chuo cha Kurani: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mgonjwa utangulie, ili mzima ubaki juu na mzigo.

Ulikuwa ukinipima kwa viti. Kwanza kiti cha mikono. Kisha kigoda. Kisha mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mke wangu, iliyo chini kuliko vyote isipokuwa mkeka. Siku niliyoweza kukaa juu ya mbuzi na kuinuka bila kushikwa, uliniletea nazi moja ukasema, "Sasa ikune. Mgonjwa asiyekuna nazi ni mgeni." Nilikuna vibaya mno. Tulikula wali wenye chembe za vifuu.

Siku hiyo ndipo nilipotaka kukiri. Nilianza, "Ndugu Mbwana, kuhusu vidato," nawe ukainua mkono. Maneno yako nayanukuu kwa ukamilifu, kwani juu yake limesimama ombi langu lote. Ulisema, "Yaache sasa. Mtu hajifunzi kutembea huku akichekwa. Siku utakayoweza kutembea bila mimi, hapo utasema."

Nilishukuru. Nililiona kuwa neno la huruma, na lilikuwa hivyo. Lakini mimi, ambaye nimesoma vifungu na masharti mpaka macho yakafifia, niliona pia kwamba lina mlango wa nyuma. Kama siku hiyo haitafika, sitalazimika kusema.

Hapa ndipo maungamo yangu yalipo, si kwenye mnazi. Mtu huanguka na kusema uongo wa maumivu, hilo husameheka. Mimi nilipona nikaficha kupona.

Unaikumbuka alasiri ile uliyochelewa kwa sababu ya kuangua nazi Galu. Ulikuwa ukienda mbali wakati ule, kwa kuwa wenye minazi wa hapa karibu walikuwa wakiita wakwezi wengine, na mtu wa hapa akikosea hatua popote walisema, "Vidato vya Mbwana hivyo." Nilikusubiri, nikachoka kusubiri, nikatoka ndani ya boriti nikauvuka uwanja wote mpaka mlangoni na kurudi, bila gongo, bila kushika kitu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuiandika. Kisha nikasikia kikohozi chako nyuma ya ua. Nikarudi kitini haraka, nikaushika ubavu, na ulipoingia nikasema, "Leo nyonga inanichoma."

Mwanatumu alikuwa amefagia uwanja asubuhi. Uliangalia mchanga. Nyayo zangu zilikuwa pale zote, wazi, za kushoto zimezama sawasawa na za kulia, bila tundu hata moja la gongo pembeni. Uliziangalia kwa muda. Kisha ukaziburuzia mguu wako, moja baada ya nyingine, ukazifuta mpaka mlangoni, ukarudi ukasema, "Haya, tuanze upya."

Sikuogopa kucheka kwa watu tu. Nilijua kwamba nikitembea, hutakuja tena alasiri. Hilo sikulisema kwa mtu. Mke wangu hayupo, binti yangu ameolewa Vanga, na watu wanaokuja kwangu huja na shida zao, nikishaziandika huondoka nazo. Wewe peke yako ndiwe uliyekuja kwa ajili ya shida yangu. Nikaona heri niwe nayo.

Ulinichongea mkongojo huu wa mkwaju, ukausugua kwa ganda la nazi mpaka ukang'aa, ukasema kwamba mtu akishatoka kwenye boriti hupewa gongo, na akishatoka kwenye gongo hupewa mkono wa kwaheri. Niliukumbatia mkongojo nikaukataa mkono. Miezi mingi. Yale mazoezi ya mwisho, ya kushuka shimoni na kupanda, ya kuchuchumaa mpaka chini na kuinuka, nilikuwa nikiyaahirisha kwa sababu hii na ile. Nawe hukunilazimisha.

Kisha kichomi kikakushika. Siku nne tu. Wewe uliyeishi juu ya minazi, ukafia kitandani, kiganjani mwangu. Siku ya tatu uliniambia, "Bwana Kalamu, utashuka unipokee," na mimi nikajibu, "Nitashuka." Mbele ya mkeo Bi Saumu nilijibu hivyo.

Mbwana, nilifika ukingoni. Wawili walikuwa wamekwisha kuingia, nafasi ya tatu ikaachwa yangu. Kaburi lilikuwa kimo cha kifua. Jeneza lilikuwa tayari limeletwa, nami nikasahau kanuni. Nikatanguliza mguu mzima. Uzito wote ukabaki juu ya ule mgonjwa, ule ambao sikuufundisha kushuka kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kujifanya siwezi, nao ukakunjika. Nilikaa kitako ukingoni, udongo ukamwagika ndani. Mikono ikanishika kwapani ikanivuta nyuma. Mtu mmoja akasema kwa upole, "Mwacheni mzee, nyonga yake haiwezi." Mwingine akasema, si kwa ubaya, "Maskini, kazi ya marehemu hiyo." Akashuka mtu ambaye hata jina lako la utani hakulijua, akakupokea.

Ningeweza kusema pale pale. Baada ya dua imamu aliuliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Neno lililokuwapo lilikuwa ni la marehemu juu yangu, na hilo halikuulizwa.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu mtu wa Kikoneni, Kassim, na kilemba cha vumbi. Dada yake, Mwanamisi, aliangukiwa na ukuta wa udongo wakati wa mvua, nyonga yake ikavunjika kama yangu. Amerudishwa kutoka hospitali na amelala. Ni mwanamke wa kazi, ana shamba la mihogo, na sasa hata kukaa anaogopa. Walisikia kwamba Mwabungo kuna mtu aliyevunjika hivyo na sasa anakwenda Kwale kwa miguu yake mwenyewe kutoka kituo cha gari mpaka maofisini, na kwamba kuna boriti. Akaomba azichukue, na nimweleze dada yake mkubwa mazoezi yote, ili yeye ndiye amshike, kwa kuwa mimi, mwanamume wa kando, haifai nimshike.

Nilifurahi. Kwa siku mbili niliandika mazoezi yako yote kwa mpangilio, tangu kubana makalio mpaka mbuzi ya nazi, na lile la kushuka nikalipigia mstari. Kisha Kassim akarudi, amefedheheka. Alisema, "Mzee Omari, usitukasirikie. Mwanamisi amekataa. Amesema hatashika mti uliofungwa na mtu ambaye vidato vyake vilimwangusha mwenziwe. Anasema: kama mkono wake ulikosea kwenye mnazi, utakosa kukosea kwenye boriti?"

Nilimwambia arudi Ijumaa.

Unaona jinsi ilivyokwenda, ndugu yangu. Ile sentensi ya hospitali imetoka Msambweni, imepita Mwabungo, imepanda mpaka Kikoneni, na sasa imemlaza chali mwanamke ambaye hatujapata kumwona. Mkeo naye anaishi nayo. Bi Saumu huniambia, na huniambia kwa kunituliza, "Mume wangu alikosea, shemeji, lakini alitubu, si umeona alivyokuhudumia?" Nami humjibu, "Naam." Naam hiyo nimeitamka mara nyingi mno.

Jana nilikwenda kwenye mnazi. Nikaweka mkono wangu katika kidato kilicho sawa na bega langu. Kikavu, kina mwinamo kidogo kwa ndani ili maji yasitue, ukingo wake bado mkali. Niliacha mkono mle kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa ukaguzi.

Kwa hiyo nakuarifu kwamba Ijumaa hii, baada ya sala, Kassim na jamaa zake watakuja na gari, na nimewaalika majirani wote pamoja na Bi Saumu, kwa kisingizio cha hitma yako. Baada ya kusoma nitasimama uani mbele yao. Nitavuka uwanja mpaka kwenye mnazi. Nitasema vidato vilikuwa vizima, na kanzu ilinasa, na mimi ndiye niliyesema uongo, na wewe ulijua tangu siku ya nne. Kisha boriti zitang'olewa ziende Kikoneni, na uwanja wangu utabaki mtupu alasiri. Wakicheka, na wacheke; nimekwisha kujifunza kutembea.

Na nakuahidi hili: nitajifunza kushuka. Shimo la choo kipya linachimbwa nyuma ya nyumba, nimemwomba mchimbaji aniache nishuke na kupanda kila asubuhi, mguu mgonjwa ukitangulia. Bi Saumu akifikwa, au yeyote wa nyumba yako, Mwenyezi Mungu awacheleweshe, nafasi ya tatu itakuwa yangu, na safari hii sitakaa ukingoni.

Buriani, Mbwana. Nimekaa na neno hili muda mrefu kuliko nilivyokaa kitandani.

Limebaki jambo moja, nami nitalisema upesi, kwani nakusikia ukiuliza nimeomba nini. Sharti lako lilikuwa kwamba niseme siku nitakayotembea bila wewe. Mkongojo ninaotembea nao umeuchonga wewe. Nimelipima neno hilo pande zote, kama ninavyopima sheria, na sikupata jibu: je, mtu anayeushika ametembea bila wewe, au bado yuko nawe? Ijumaa mkono wangu wa kulia utakuwa umeshika kile kipande cha kanzu ili watu wakione.

Naomba uamuzi wako juu ya mkono wa kushoto: ushike mkongojo, au uwe mtupu?

Wako,
Omari bin Salimu,
Mwabungo.